Sheria ya Texas ya kuzuia kampuni za kigeni kwenye umeme: je inagusa na mafundi waliozaliwa nje?

fundi_wa_katy

Habari zenu wadau, hasa mlioko huku Texas na mnaoelewa haya mambo ya umeme. Mimi mtu wa Tanga, nipo Houston upande wa Katy mwaka wa saba sasa, kazi yangu kufunga sola na betri. Siyo za juu ya paa tu, kampuni yetu ndogo lakini huwa inachukua vipande vya kazi kwenye yale mashamba makubwa ya sola yanayouza umeme kwenye gridi ya ERCOT, lile shirika linaloendesha gridi ya Texas.

Wiki iliyopita tumeingia saiti mpya, siku ya pili asubuhi kabla hata hatujavaa kofia meneja wa mradi akatukusanya kwenye kontena akasema kuna sheria ya jimbo haitaki China kwenye umeme, kuna fomu inajazwa, na kuanzia leo fulani hataingia tena saiti. Huyo fulani ni mwenzetu, tumefanya naye kazi miaka mitatu, kazaliwa China lakini ni raia wa Marekani siku nyingi na watoto wake wamezaliwa hapa hapa Houston. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakubisha, akakiweka chini, akaanza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja, koleo, tesa, akavifungia kwenye boksi akaingia kwenye gari akaondoka. Mimi hilo jambo liliniuma na mpaka nikiandika hapa bado linaniuma.

Sasa kilichonichanganya ni kwamba baada ya pale tumerudi kazini nikafungua kabati la inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, ndani ya mlango pana kibati kimeandikwa imetengenezwa China, na chini kabisa kwenye nyaya kuna kimodemu, ukubwa wa kiberiti, kina antena yake na tundu la laini ya simu, kinawaka taa ya kijani. Nikasimama pale namkumbuka yule mwenzangu. Kwamba yeye kaondoka na hiki kimebaki.

Naomba mwenye kujua anieleweshe, hiyo sheria inasemaje hasa? Inakataza vifaa vya China, au kampuni, au watu? Na sisi wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Kongo ambao tupo kwenye hizi saiti kila siku tunaingia wapi? Sitaki ubishi wa siasa nataka kujua tu kilichoandikwa.

dada_wa_plano

Pole sana kaka, na mpe pole huyo mwenzenu. Mimi nipo Plano karibu na Dallas, nafanya kazi ofisini kwenye kampuni inayouza umeme na hizo fomu za ERCOT ndiyo mkate wangu, nimezijaza sijui mara ngapi, kwa hiyo ngoja nikuambie nilichokisoma kwa macho yangu.

Sheria inaitwa Lone Star Infrastructure Protection Act, ilipita 2021 kwa muswada namba SB 2116, gavana Abbott akausaini mwezi wa sita mwaka huo. Nchi zilizotajwa ni nne, China, Iran, Korea Kaskazini na Urusi, na gavana amepewa uwezo wa kuongeza nyingine akiona kuna tishio. Kinachokatazwa ni kuingia MKATABA na KAMPUNI, na siyo kampuni yoyote, ni ile ambayo huo mkataba ungeipa uwezo wa kuingia au kuongoza miundombinu nyeti ya Texas, iwe kwa kufika pale pale au kwa mbali. Miundombinu yenyewe siyo umeme tu, mifumo ya mawasiliano imo, ulinzi wa mitandao, mitambo ya kusafisha maji na ya taka hatari.

Halafu kuna kipimo cha kampuni ipi. Wanaangalia makao makuu yako wapi na mwenye nayo ni nani, yaani kama hisa nyingi ziko kwa raia wa hizo nchi nne, au kwa kampuni ya huko, au kwa serikali zao. Umeona hapo neno raia limekuja kwenye WENYE HISA, halijaja kwenye fundi anayekaza nati. Mwenzenu siyo mwanahisa mkubwa wa hiyo kampuni, na kama ni raia wa Marekani basi hata uraia wa China hana tena, maana sheria ya uraia ya China yenyewe haikubali uraia wa nchi mbili, ukichukua wa kwingine wa kwao unakufa hapo hapo. Kwa hiyo hata angekuwa ndiye mwenye kampuni bado asingenaswa kwa kuzaliwa tu. Meneja wako ameisoma sheria vibaya, au kasimuliwa na mtu aliyeisoma vibaya, na mimi naona kamuonea mtu kabisa.

Hiyo fomu sasa ilikuja na sheria ya pili, SB 2013 ya 2023. Hiyo iliipa ERCOT meno. Kila kampuni iliyosajiliwa sokoni lazima itoe tamko kwamba yenyewe siyo kampuni ya aina hiyo, na kama imenunua kifaa au huduma nyeti ya gridi kutoka kwa kampuni ya hizo nchi iripoti manunuzi yenyewe, halafu itamke kwamba ununuzi huo haumpi muuzaji mlango wa kuingia kwenye mitambo. Ukidanganya au ukikaa kimya ERCOT inaweza kukusimamisha au kukufuta, na ukishafutwa huuzi hata uniti moja. Ndiyo maana mameneja wanatetemeka hivyo, mimi hofu yao naielewa, lakini hofu haikupi ruhusa ya kumtoa mtu kwa sura yake.

Kuhusu inveta yenyewe jibu ni kwamba kununua hakujakatazwa. Kinachotakiwa ni kuripoti na kuthibitisha kwamba aliyeiuza hana mkono ndani.

mzee_lori_SA

Wanangu salaam. Mimi naendesha lori kutoka San Antonio tangu mwaka 1998, ile barabara ya 90 kwenda Del Rio naijua kama njia ya kwetu, na hii sheria ilianzia huko, sijui kama vijana mnafahamu.

Kaunti ya Val Verde mpakani na Mexico ni nchi kame, mawe, vichaka vya miiba, unaweza kwenda nusu saa hujaona nyumba. Pale kuna mto unaitwa Devils River, maji yake meupe unaona mpaka changarawe za chini. Sasa tajiri mmoja wa Xinjiang, Sun Guangxin, ambaye zamani alikuwa afisa wa jeshi la China, kampuni yake ikanunua ardhi pale, ekari kama 140,000, wakataka kusimamisha mitambo ya upepo, mradi ukaitwa Blue Hills. Na kuunganishwa kwenye gridi. Del Rio ndipo ilipo kambi ya ndege za jeshi ya Laughlin, wanapofundishwa marubani, unaziona ndege zinapita juu yako asubuhi wakati unakunywa chai kwenye vituo vya mafuta.

Watu wa kule walipiga kelele. Wengine waliogopa kambi, wengine, na hao niliongea nao mwenyewe, walikuwa wanaulilia mto na yale manzari, hawakutaka minara mirefu hata ingekuwa ya nani. Kesi ikaenda serikali kuu Washington kwenye ile kamati inayochunguza uwekezaji wa kigeni, kamati ikaupitisha mradi kwa masharti. Ndipo wabunge wa jimbo huku Austin wakasema kama Washington wamefungua mlango sisi tutaufunga, wakatunga hiyo SB 2116. Baadaye mradi ukachukuliwa na kampuni ya Hispania, na waliokuwa wanaulilia mto wakaendelea kuulilia vile vile.

Lakini niseme na hili, maana nilikuwepo. Sheria ile ilipita miezi michache tu baada ya ile baridi ya Februari 2021. Sisi tulikaa siku tatu bila umeme, mimi na mke wangu na mjukuu, tukahamia chumba kimoja, tukatundika mablanketi madirishani, maji yalipasua mabomba usiku ukasikia paa! kama bunduki. Jirani yetu mzee alikuwa na mashine ya kupumulia, tukawa tunamchajia kwenye lori langu kwa zamu. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. ERCOT wenyewe walisema gridi nzima ilibakiza dakika nne na sekunde 37 ianguke. Na chanzo hakikuwa China wala Urusi, visima vya gesi viliganda, mitambo ya gesi ikazimika, na ya upepo na ya makaa nayo ikaganda. Kwa hiyo wajilinde na wageni sawa, nakubali, ila mimi usiku wa baridi naogopa lile bomba la gesi kuliko mtu yeyote.

injinia_kibo

Mzee shikamoo, umeongea ukweli mtupu kuhusu 2021. Ila naomba nitetee upande mwingine kidogo maana naona watu wanaweza kusoma hapa wakadhani hofu ya vifaa ni ya kuzua. Mimi ni injinia wa mifumo ya ulinzi wa umeme, yaani zile rilei zinazokata laini kukiwa na hitilafu, nimefanya kazi hiyo Arusha na sasa nipo hapa Austin.

Hofu ilianza kabla ya Texas. Mwaka 2019 transfoma kubwa iliyotengenezwa China na JiangSu HuaPeng ilishuka bandari ya Houston, mzigo wa zaidi ya tani 200, serikali kuu ikaichukua ikaipeleka maabara ya Sandia kule Albuquerque badala ya kwenda kwenye kituo cha kupozea umeme ilikotakiwa. Mei 2020 Trump akatoa amri ya kuzuia vifaa vya nchi maadui kwenye gridi kubwa, Januari 2021 Biden akaisimamisha ipitiwe upya. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini jimbo limeingilia jambo ambalo ungedhani ni la Washington, sehemu ya jibu ndiyo hiyo, Washington walikuwa wanakwenda mbele wanarudi nyuma.

Transfoma lakini ni chuma, shaba na mafuta, huwezi kuizima kwa simu labda uguse vifaa vya udhibiti vilivyofungwa ubavuni. Inveta ni kitu kingine kabisa. Inveta ni kompyuta. Inabadilisha umeme wa paneli kuwa umeme wa gridi kwa programu, na programu hiyo inaandikwa upya kwa apdeti inayokuja hewani kupitia hicho hicho kimodemu alichokiona fundi. Novemba 2024 inveta za Deye, kampuni ya China, zilizofungwa kwenye majumba huku Marekani zilizimwa kutoka mbali, chanzo ilikuwa ugomvi wa kibiashara tu kati ya Deye na kampuni ya Sol-Ark kuhusu nani aziuze wapi. Hakuna vita, hakuna jasusi, ni wafanyabiashara wamegombana na mtu akaamka asubuhi sola yake haifanyi kazi. Halafu Mei 2025 Reuters waliandika kwamba wataalamu wa Marekani waliofungua baadhi ya inveta za Kichina walikuta vifaa vya mawasiliano ambavyo havimo kwenye karatasi za maelezo.

Piga hesabu sasa. Inveta moja ya nyumbani kilowati 8, si kitu. Lakini ukiweza kuzima laki tano kwa sekunde moja umeondoa megawati 4,000 kwa mpigo, na gridi ya Texas imejitenga na za wenzake, ina njia chache mno za kuomba msaada jimbo la pili. Masafa ya umeme (frikwensi) yanashuka ghafla, rilei zangu zinaanza kukata wateja kuokoa kilichobaki. Hicho ndicho kitu ninachokiogopa mimi, na hakihusiani na fundi alizaliwa wapi. Aliyezaliwa Guangzhou akiwa na bisibisi mbele ya kabati anazima inveta moja, tena kamera zinamuona.

Lithuania wao walikwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Novemba 2024 bunge lao lilipitisha sheria kwamba mitambo ya sola, upepo na betri inayozidi kilowati 100, mtengenezaji wa Kichina asiweze kuingia kwa mbali kwenye mfumo wa kuiongoza. Kifaa kinaweza kubaki, mlango wa mbali ndio unafungwa. Kwa maoni yangu hiyo imeandikwa na watu wanaojua inveta ni nini.

fundi_wa_katy

Asanteni sana, dada, mzee wangu, injinia, kwa kweli mmenifungua macho. Injinia hapo kwenye apdeti nimekuelewa vizuri maana mimi nimeshawahi kuona inveta zinajizima saa sita mchana jua kali, zinajiwasha tena, ukiuliza unaambiwa ni apdeti ya kiwandani. Sasa dada wa Plano, kama sheria inasema muuzaji asiwe na mkono ndani, hiyo apdeti ya kiwandani inapitaje?

dada_wa_plano

Kaka umeuliza swali ambalo ofisini kwetu tumelijadili mpaka jioni. Sheria zote mbili zina maneno haya, kwamba kuingia ulikokuruhusu mwenyewe mahususi kwa ajili ya waranti na huduma ya bidhaa hakuhesabiwi. Yaani kampuni ya China hairuhusiwi kuingia kwenye mtambo wako, isipokuwa kama imeingia kwa ruhusa yako kutimiza waranti. Na apdeti nyingi zinakuja kwa jina hilo hilo la waranti. Niliposoma mara ya kwanza nilirudia aya ile mara tatu nikidhani nimekosea.

Naelewa kwa nini waliweka, bila hivyo nusu ya mashamba ya sola yangebaki bila huduma, kifaa kikiharibika nani akitengeneze. Lakini ndiyo hali, mwenye nia mbaya anapita mlango ule ule anaopitia fundi wa waranti. Sisi tulichofanya, na haikuwa sheria imetulazimisha, tuliwaambia wauzaji wote laini za simu kwenye inveta zitolewe, mawasiliano yapite kwenye kifaa chetu kinachochuja, na mtu wao akitaka kuingia anaomba, anafunguliwa kwa saa kadhaa, anafungiwa, na kila alichogusa kinaandikwa. Wauzaji wawili walinuna. Tukawaambia basi, hatununui.

wa_bukavu_abilene

Jambo bandugu. Mimi ni mkimbizi wa Kongo, niko Abilene pamoja na familia, tunasikia watu wengi kanisani wanasema kuna sheria mpya Texas ya kukataza wageni kununua nyumba na shamba, kwamba ni kwa ajili ya umeme na kambi za jeshi. Mama yetu ameogopa sana maana tulikuwa tunakusanya pesa ya nyumba. Ni ile ile munayosema hapa ama ni ingine?

dada_wa_plano

Ndugu karibu, na mwambie mama asiogope. Hiyo ni nyingine, SB 17 ya 2025, imeanza tarehe 1 Septemba 2025, ni ya ardhi na majengo. Nchi zinazoguswa ni zile zile nne, Kongo haimo. Tena hata kwa watu wa hizo nchi, waliokwisha kuwa raia wa Marekani au wenye grinikadi hawaguswi, na mwenye kukaa kihalali anaruhusiwa nyumba ya kuishi mwenyewe. Watu wanachanganya na ya Florida, ile SB 264 ya 2023, hiyo ndiyo inayopima maili 10 kutoka kambi za jeshi na miundombinu nyeti kama mitambo ya umeme, na orodha yake ni ndefu zaidi, ina Cuba, Syria na Venezuela. Nayo Kongo haimo. Kusanyeni pesa yenu mnunue nyumba, na siku ya kusaini muwe na wakili wenu, msimtegemee wa muuzaji.

wa_bukavu_abilene

Aksanti sana dada, Mungu akubariki. Naenda kumusomea mama sasa hivi.

mzee_lori_SA

Fundi, yule mwenzako ulimpigia?

fundi_wa_katy

Nilimpigia mzee, hakupokea siku mbili. Leo narudi na habari kidogo.

Jumatano nilichapisha ile SB 2116 yote, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu kwenye yale maneno ya wenye hisa na makao makuu kama dada alivyonielekeza, nikaingia nayo kwenye kontena kabla watu hawajafika. Nilikuwa naogopa, sifichi, kazi yenyewe ndiyo inalisha watu Tanga. Meneja alisoma kimya, akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia ni ya serikali ipo wazi kwa kila mtu. Akampigia mwanasheria wa kampuni mbele yangu. Waliongea muda mrefu, yeye akawa anaitikia tu "sawa, sawa". Alipokata simu akasema fomu ni ya kampuni, siyo ya mafundi, na yeye alichanganya na mkataba wa saiti nyingine ya jeshi aliyowahi kufanya. Akasema atampigia jamaa mwenyewe.

Nikamuonesha na kimodemu. Nikamwambia haya ndiyo maneno ya "kwa mbali" yaliyoandikwa humu. Tukazunguka wote wawili kabati kwa kabati, mimi nafungua yeye anaandika namba, tumepata vimodemu 22, na viwili kati ya hivyo havimo kabisa kwenye michoro tuliyopewa. Vyote vimetolewa laini mpaka mwenye shamba aseme vinapitishwa wapi.

Jana jioni nikaenda kwa mwenzangu nyumbani. Alikuwa ameshapigiwa. Anasema bado anafikiria, mke wake hataki arudi pale, na mimi sikumshawishi, nani mimi. Nilimpelekea koleo lake la kubania nyaya alilolisahau juu ya kabati la tatu. Akalipokea, akalifungua na kulifunga mara mbili tatu akiangalia meno yake kama yamepata kutu, akaniambia ingia ndani, chakula kipo mezani.